Ugumu wa Risasi: Tahakiki ya Istilahi za Kusubu Vichwa vya Risasi za Bastola

Utangulizi

Katika kazi ya kuunda istilahi tumezoea kushughulikia fani kubwa kubwa: udaktari, sheria, uhandisi na benki. Ni nadra kwetu kuishika fani ndogo, ya watu wachache, tukaichambua neno kwa neno hadi mwisho. Hata hivyo, fani ndogo ndiyo inayofichua udhaifu wa istilahi kwa urahisi zaidi, kwa sababu ndani yake kila neno lina kazi yake, na neno moja likikosewa, kazi yote huharibika mbele ya macho ya mtendaji.

Katika makala haya tumechagua fani moja ya aina hiyo, nayo ni kusubu vichwa vya risasi za bastola kwa aloi ya risasi, na hasa swali la kuchagua ugumu wa aloi hiyo. Fani hii si yetu. Makao yake makubwa ni Marekani, ambako sheria inamruhusu raia kujisubia vichwa vya risasi nyumbani kwa ajili ya kulenga shabaha na kuwinda, na ambako kampuni ya Lyman imekuwa ikichapisha kitabu cha mwongozo wa kazi hiyo, toleo la tatu likiwa la mwaka 1980 na la nne la mwaka 2010. Katika Tanzania na Kenya sheria za silaha hazimruhusu mtu kujitengenezea risasi bila kibali. Kwa hiyo hatuandiki ili kumfundisha msomaji kusubu. Tunaandika kwa sababu metali zinazotajwa katika kazi hiyo ndizo zilizomo katika betri za magari, katika chubwi za wavuvi, katika risasi ya kulehemu na katika herufi za mitambo ya zamani ya kupigia chapa. Na maneno yanayotumika humo ndiyo anayokutana nayo mkalimani mahakamani, mwalimu wa kemia darasani na ofisa wa afya mtaani.

Hoja yetu ni moja. Neno "ugumu", pamoja na majina ya metali yanayoandamana nalo, kama tunavyoyatumia hivi sasa, hayatoshi kubeba maelezo ya kazi hii bila kumpotosha msomaji. Na upotofu huo una madhara ya kweli.

Jina la metali na jina la kitu

Tuanze na neno lenyewe. "Risasi" tulilipokea kutoka Kiarabu, na katika Kiarabu pia neno hilo lilikuwa jina la metali kabla ya kuwa jina la kitu kinachotoka katika mdomo wa bunduki. Si ajabu, kwani kwa karne nyingi kitu hicho kilisubiwa kwa metali hiyo. Mwenye gobori wa zamani aliyeyusha risasi, akaimimina katika kalibu, akapata risasi. Jina moja lilimtosha, maana hakuwa na sababu ya kuvitenganisha viwili hivyo.

Leo sababu ipo. Risasi nyingi zinazotengenezwa viwandani zina ganda la shaba juu ya kiini cha risasi, na nyingine ni shaba tupu zisizo na risasi hata chembe. Kwa hiyo sentensi "risasi isiyo na risasi", ambayo babu zetu wangeicheka, ni sentensi sahihi kabisa. Kinyume chake, "risasi ya risasi" ni maneno ambayo mfasiri wa kitabu cha kusubu atajikuta akiyaandika katika kila ukurasa, na msomaji atachoka kabla ya kufika mwisho wa sura ya kwanza.

Tatizo hili lisingekuwa zito kama lingebaki katika vitabu vya wapiga shabaha. Lakini lipo hata katika mambo ya uhai. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaathiri wakazi kwa sumu ya risasi, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mtu anayesoma kwa mara ya kwanza kwamba watoto wa mtaa fulani "wana risasi katika damu" anaweza kufikiri kwamba walipigwa bunduki. Ndiyo maana waandishi wengi wa Kenya husema "madini ya risasi". Kwa matangazo ya umma njia hiyo inafaa, ingawa mwanakemia atasema, na kwa haki, kwamba madini ni kile kinachochimbwa, na kwamba kilichomo katika betri ni metali.

Wapo wanaopendekeza tuachane na "risasi" kwa maana ya metali na kutumia "ledi". Hatuoni faida yake. Fundi betri, mvuvi na fundi wa kulehemu wote wanaiita risasi, na istilahi isiyojulikana na wenye kazi hubaki katika orodha. Lililo jepesi zaidi ni kuiachia metali jina lake na kukitafutia jina kile kitu. Nalo jina hilo lipo tayari: polisi na watu wa mahakama husema "kichwa cha risasi" kwa kile kinachoruka na kupenya, na "ganda la risasi" kwa kile kinachobaki. Mfasiri akieleza mara moja, mwanzoni, kwamba "kichwa" katika kitabu chake ni kichwa cha risasi ya bastola, ataweza kuendelea kwa uwazi: kichwa cha aloi, kichwa cha shaba, kitako cha kichwa, kusubu vichwa. "Risasi" peke yake itabaki kuwa metali. Ndivyo tutakavyofanya hapa chini.

Neno "ugumu" linabeba mangapi?

Kiswahili kina mazoea ya kulitwika neno "gumu" mizigo mingi. Swali gumu ni lile lisilojibika upesi. Mtu mgumu ni bahili, au ni asiyeshawishika. Nyama ngumu ni ile isiyotafunika. Mti mgumu ni ule unaoshinda shoka. Dafu lina kifuu laini na nazi ina kifuu kigumu, lakini kifuu hichohicho kigumu hupasuka kwa pigo moja la mundu. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna anayepotea, kwa sababu muktadha humwongoza. Katika maandishi ya ufundi muktadha hautoshi.

Mhandisi anatofautisha sifa zisizopungua nne ambazo sisi tunaziita kwa neno hilo moja. Kwanza ni uwezo wa uso wa kitu kupinga kubonyezwa au kukwaruzwa. Pili ni uwezo wa kitu kubeba mzigo kabla ya kuharibika umbo. Tatu ni uwezo wa kupokea kishindo bila kuvunjika. Nne ni ile hali ya kukataa kupinda na, kikizidiwa, kumeguka ghafla. Kioo kina sifa ya kwanza kwa wingi na ya tatu kwa uchache sana. Ngozi ya ng'ombe haina sifa ya kwanza, bali ya tatu inayo. Kuviita vyote viwili "vigumu" ni kumficha msomaji jambo ambalo angepaswa kulijua.

Msubuji wa Marekani anapotaja ugumu wa aloi yake, anataja sifa ya kwanza peke yake, tena kwa namba. Namba hiyo inatokana na njia aliyoitangaza mhandisi wa Uswidi, Johan August Brinell, mwaka 1900. Tufe dogo gumu hukandamizwa juu ya metali kwa mzigo unaojulikana. Kisha kipenyo cha shimo lililobaki hupimwa, na mzigo hugawanywa kwa eneo la uso wa shimo hilo. Shimo likiwa dogo, namba huwa kubwa. Kwa kipimo hicho risasi safi ina namba 5 hivi. Aloi ya sehemu 1 ya bati kwa sehemu 20 za risasi hukaribia 10. Aloi ambayo kampuni ya Lyman iliipa namba 2, yenye risasi asilimia 90, bati asilimia 5 na antimoni asilimia 5, hufika 15. Metali ya mitambo ya kuchapia ya Linotype, yenye risasi asilimia 84, antimoni asilimia 12 na bati asilimia 4, hufika 22 hivi.

Hapa pana onyo la kwanza kwa mfasiri. Kuna kipimo kingine cha ugumu, cha Friedrich Mohs, cha mwaka 1812, ambacho hupima kwa kukwaruza: kitu kigumu hukikwaruza kilicho laini. Hicho ndicho kinachofundishwa katika masomo ya mawe na madini, na daraja zake ni 1 hadi 10. Mwanafunzi aliyekizoea akisoma kwamba aloi fulani "ina ugumu wa 15" ataona kwamba hiyo inashinda almasi! Kwa hiyo namba ya ugumu isiandikwe kamwe bila jina la kipimo chake. Tunapendekeza "ugumu wa kubonyeza" kwa kipimo cha Brinell na vyote vya jamii yake, na "ugumu wa kukwaruza" kwa kipimo cha Mohs. Wasubuji wasio na chombo cha kupimia hutumia seti ya penseli za kuchorea, wakatazama ni penseli ipi inayoanza kukwangua uso wa aloi. Njia hiyo ya kienyeji nayo ni ya kukwaruza, ingawa matokeo yake huandikwa kwa namba za Brinell; mfasiri mwangalifu atalieleza hilo.

Je, aloi ngumu ndiyo bora?

Sasa tunafikia kiini cha jambo. Katika lugha nyingi, na Kiswahili ni mojawapo, sifa ya ugumu ikitajwa kwa silaha au chombo cha kazi huwa ni sifa njema. Jembe gumu ni jembe zuri. Huko Marekani wafanyabiashara wa vichwa vilivyosubiwa hutangaza bidhaa zao kwa neno la ugumu kana kwamba ni cheti cha ubora, na msubuji mchanga huuliza kwanza: nitapataje aloi iliyo ngumu kuliko zote? Swali lenyewe limepinda, na limepindishwa na neno.

Anachokiogopa msubuji ni risasi kubaki ndani ya mtutu. Kichwa kikipita kwa kasi, metali yake hujipaka katika mifuo iliyochongwa ndani ya mtutu, na utando huo ukizidi, shabaha hupotea. Huonekana jambo la akili kudhani kwamba kichwa kigumu kitajipaka kidogo. Lakini sababu kubwa ya uchafu huo mara nyingi si ulaini wa kichwa, bali ni kwamba kichwa hakiujazi mtutu. Penye mwanya, gesi ya moto ya baruti hupenya pembeni, ikaiyeyusha na kuikwangua metali ya kichwa na kuitandaza mtutuni. Kwa hiyo wasubuji hodari hupima kwanza kipenyo cha mtutu kwenye mifuo, wakakifanya kichwa kiwe kikubwa kuliko kipenyo hicho kwa sehemu 1 au 2 za elfu moja ya inchi. Ugumu unakuja baada ya kipimo hicho.

Tena ugumu wenyewe una mipaka miwili. Shinikizo la gesi linapopiga kitako cha kichwa laini, kitako hutanuka kidogo na kuziba mwanya uliobaki. Kichwa kigumu mno kwa shinikizo dogo hakitanuki. Mwanya hubaki, na uchafu aliokuwa akiukimbia msubuji humfuata palepale. Kichwa laini mno kwa shinikizo kubwa nacho hukwanguliwa na mifuo badala ya kuifuata. Basi aloi huchaguliwa kwa kulinganishwa na shinikizo la risasi inayohusika. Kiwango cha juu cha shinikizo kilichokubaliwa na watengenezaji wa Marekani kwa risasi ya .38 Special ni pauni 17,000 kwa inchi ya mraba, kwa.45 ACP ni 21,000, kwa.357 Magnum ni 35,000, na kwa.44 Magnum ni 36,000. Kwa mbili za kwanza aloi ya namba 8 hadi 12 za Brinell hutosha, na metali ya Linotype iliyo safi ni ghali isiyo na faida. Hata kwa risasi zenye nguvu, mwandishi wa mambo ya silaha Elmer Keith, ambaye juhudi zake zilichangia kuzaliwa kwa .44 Magnum mwaka 1955, alijulikana kwa kutumia aloi ya sehemu 1 ya bati kwa 16 za risasi, ambayo ugumu wake ni 11 hivi tu.

Kwa mwindaji jambo linazidi. Antimoni nyingi huongeza ugumu wa kubonyeza, lakini humfanyia hila msubuji, kwani kichwa chake hupata wepesi wa kumeguka na kinaweza kuvunjika kikikutana na mfupa. Ndiyo kusema kwamba kichwa kilicho "kigumu" kwa maana ya kwanza ni "dhaifu" kwa maana ya tatu. Mfasiri anayetumia neno moja kwa maana zote mbili ataandika sentensi inayojipinga yenyewe, na msomaji atalaumu kitabu ilhali kosa ni la istilahi.

Bati, antimoni na wanja

Tukiingia katika vinavyoipa risasi ugumu, tunakuta tatizo jingine. Kitu cha kwanza ni bati. Kikemia, bati ni metali nyeupe inayoyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi, chini ya risasi, ambayo huyeyuka kwenye 327. Kazi yake kubwa katika kusubu ni kuisaidia aloi iliyoyeyuka kuingia katika kila pembe ya kalibu. Ugumu inaongeza, lakini kwa kiasi kidogo.

Lakini kwa Mswahili wa leo bati ni kitu cha kuezekea nyumba. Na bati la kuezekea halina bati ndani yake. Ni chuma kilichopakwa zinki. Maelezo yakisema "ongeza bati kidogo katika risasi iliyoyeyuka", fundi asiye na kemia ataokota kipande cha bati kuukuu na kukitia. Chuma hakitayeyuka, maana moto wa risasi haukifikii. Zinki ndiyo itakayoyeyuka, kwani inahitaji nyuzi 419 tu. Nayo zinki ndiyo adui mkubwa wa msubuji: huifanya aloi kuwa nzito kama uji, isijaze kalibu. Kwa maneno mengine, tafsiri iliyo sahihi kikamusi imeleta kitu kilekile ambacho kitabu kilikuwa kikikikataza.

Jambo hili si la kubuni tu. Vipande vya kusawazishia magurudumu ya magari, ambavyo kwa miaka mingi vilikuwa hazina ya wasubuji kwa sababu vilisubiwa kwa risasi yenye antimoni ya asilimia 3 hivi, sasa vingi hutengenezwa kwa zinki au chuma. Umoja wa Ulaya ulivikataza vya risasi kwa magari madogo mwaka 2005, na baadhi ya majimbo ya Marekani yakafuata. Jina limebaki moja na metali zimekuwa tatu. Tunapendekeza basi kwamba katika maandishi ya ufundi iandikwe "bati safi" kwa ile metali, na "bati la kuezekea" kwa lile la paa, wala "bati" lisiachwe peke yake.

Kitu cha pili ni antimoni, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 631 na ndiyo inayoleta ugumu hasa. Kamusi za zamani zilipenda kuifasiri kwa "wanja". Asili ya jambo hilo inaeleweka, kwa kuwa wanja wa kale ulisagwa kwa jiwe lenye antimoni. Lakini wanja unaouzwa masokoni mara nyingi husagwa kwa jiwe la risasi, na madaktari wameuona kuwa chanzo cha sumu ya risasi kwa watoto wanaopakwa machoni. Kwa hiyo neno "wanja" kwa maana ya antimoni linamdanganya mfua metali na mama mzazi kwa pamoja. Hapa hatuna budi kulikubali neno la kukopa, "antimoni", na kuuachia wanja kazi yake ya urembo, pamoja na onyo.

Vitenzi vinavyoweza kumuumiza mtu

Kuhusu vitenzi lugha yetu ni tajiri kuliko wengi wanavyodhani. "Kusubu" ni kuimimina metali iliyoyeyuka katika kalibu. "Kufua" ni kuipiga metali kwa nyundo. Wafasiri wengi husahau la kwanza na kuandika "kutengeneza" kwa kila kitu, au "kumwaga", ambalo ni la maji machafu. Hatuhitaji kuunda neno jipya hapa. Tunahitaji kulitumia tulilo nalo.

Lakini utajiri nao una mitego. Wahunzi wetu husema "kutia maji" kwa kazi ya kulizamisha jembe au kisu chenye moto majini ili kikaze. Wasubuji nao hufanya kitu kinachofanana: vichwa vya aloi yenye antimoni, vikiisha kuganda, huangushwa moja kwa moja kutoka katika kalibu mpaka katika ndoo ya maji, na baada ya siku chache ugumu wake waweza kupita 18 za Brinell, hali vile vilivyopoa hewani hubaki karibu na 11. Aloi ya risasi na bati tupu hainufaiki kwa njia hiyo. Mfasiri atavutiwa kuandika: "tia risasi maji ili iwe ngumu". Tunamwomba asifanye hivyo kamwe. Msomaji anayeijua lugha ya jikoni kuliko ya kiwandani ataelewa kwamba anaagizwa kumimina maji katika chombo chenye risasi iliyoyeyuka. Maji hayo hugeuka mvuke mara moja na kuirusha risasi ya moto usoni na machoni pake. Mabadiliko ya maneno matatu yanaokoa macho ya mtu: "zamisha majini vichwa vilivyoganda".

Mfano wa pili ni "sufuria". Katika nyumba zetu sufuria ni ya alumini, na ni ya chakula. Alumini hulegea kwa moto mkali, na wasubuji wameonywa mara nyingi wasiyeyushie risasi ndani yake, kwa kuwa kitako chaweza kuachia na mzigo wote ukamwagika. Tena chombo kilichoyeyushiwa risasi hakirudi jikoni tena, hata kioshwe mara saba. Neno "sufuria" linaficha makatazo yote mawili. Lisemwe "chombo cha chuma cha kuyeyushia".

Mfano wa tatu hauumizi mwili bali mali. Juu ya aloi iliyoyeyuka hutanda ngozi ya rangi ya kijivu. Msomaji akiambiwa "ondoa takataka", ataikwangua na kuitupa. Kumbe sehemu kubwa ya ngozi hiyo huwa ni bati lililoungana na hewa, nalo ndilo ghali kuliko vyote vilivyomo. Wasubuji hulirudisha kwa kukoroga pamoja na kipande cha nta au unga wa mbao. Basi kuna "utando", unaorudishwa, na kuna "takataka", zinazotupwa. Na maneno yote mawili tunayo.

Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu tunaweka mbele ya wasomaji wetu mapendekezo yafuatayo.

Kwanza, "risasi" ibaki kuwa jina la metali katika maandishi yote ya ufundi na ya afya. Kitu kinachoruka kiitwe "kichwa cha risasi", na pale kinapokwisha kuelezwa, "kichwa". Katika matangazo kwa umma "madini ya risasi" yavumiliwe mpaka mazoea yatakapotulia.

Pili, "ugumu" uachiwe maana moja tu, ya kupinga kubonyezwa au kukwaruzwa, na kila namba iambatane na jina la kipimo chake. Kwa uwezo wa kubeba mzigo itumike "nguvu". Kwa uwezo wa kupokea kishindo, "ustahimilivu". Na kwa ile hali ya kioo, "wepesi wa kumeguka". Walimu wa kemia na fizikia wanaweza kuanza kesho, bila kungoja kitabu kipya, kwa kuwaweka wanafunzi mbele ya kipande cha kioo na kipande cha ngozi.

Tatu, utando wa risasi unaoshika ndani ya mtutu uitwe "ukoga wa risasi". Ukoga ni neno letu la kile kinachoganda juu ya meno yasiyosuguliwa, na sura ya jambo ni ileile: hushika kidogo kidogo, hauonekani upesi, na kuuondoa ni kazi.

Nne, "bati safi" na "bati la kuezekea" yatenganishwe daima, "antimoni" ikubaliwe, na "wanja" uondolewe katika orodha za metali.

Tano, vitenzi vya moto na maji vipimwe si kwa usahihi wake peke yake, bali kwa kile anachoweza kukifanya mtu mwenye haraka akivisoma. Kipimo hiki twakiona kuwa kikubwa kuliko vyote. Katika fasihi neno lenye maana mbili huenda likawa pambo. Katika maelezo ya kazi, msomaji huchagua maana moja kati ya hizo mbili akiwa peke yake, mbele ya moto, na mfasiri hayupo wa kumsahihisha.

Huenda wako watakaosema kwamba tumetumia juhudi nyingi kwa fani ambayo wasemaji wetu wachache mno wataifanya. Tunajibu kwamba betri kuukuu zinayeyushwa katika miji yetu leo, na chubwi zinasubiwa pwani yetu leo, kwa metali ileile na kwa maneno yaleyale. Wasomaji walio karibu na mafundi hao, na hasa walimu wa vyuo vya ufundi na maofisa wa afya, wanaombwa waandike na kutueleza ni majina gani wanayoyasikia vinywani mwa wenye kazi, ili orodha hii isahihishwe kabla haijapelekwa mbele ya kamati ya istilahi.